Kipande cha Jua: Tuliyoyaona Honolulu na Yanayokuja Tanga

Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi. Mvua iliwazuia wengi kufika, nao wameomba wapate maneno yote. Nayaweka kama nilivyoyasema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, masheikh na wachungaji mliotuheshimu kwa kufika, na ninyi wanetu mliokaa sakafuni hapa mbele baada ya viti kwisha: habari za asubuhi.

Nimeitwa nizungumzie kupatwa kwa jua, na nimekubali haraka kwa sababu jambo lenyewe lina tarehe. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utapita mbele ya jua. Luxor, kule Misri, mchana utageuka usiku kwa zaidi ya dakika sita. Jeddah na Makka jua litafunikwa lote. Kivuli kitavuka Yemen, kitapita ncha ya Somalia, kisha kitaingia Bahari ya Hindi na kutoweka. Na sisi je? Sisi wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, wa Dar es Salaam? Sisi tutapata kipande. Jua litamegwa upande mmoja, litakaa hivyo kwa muda, halafu litarudi kuwa zima.

Tayari nimewasikia wanaosema: "Kama ni kipande tu, ya nini kujisumbua?" Na nimesikia jingine linalonitia hofu zaidi, tena limetoka kwa watu wazima wenye nia njema: "Siku hiyo tuwafungie watoto madarasani mpaka lipite." Ndugu zangu, nimekuja kuyapinga yote mawili. Na ushahidi wangu nautoa mbali sana, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kisiwani Oahu, katika mji wa Honolulu, nilikokuwa masomoni mwaka 2016.

Vuteni ramani akilini. Mwezi Machi mwaka ule, kivuli cha mwezi kiligusa nchi kavu kwanza Indonesia, asubuhi. Palembang giza. Belitung giza. Balikpapan, Palu, Ternate, giza. Kisha kikaingia baharini, kikapita juu ya visiwa vidogo vya Woleai huko Mikronesia, na baada ya hapo ni maji, maji, maji. Maelfu ya kilomita za maji matupu. Kivuli kizito kilipita kaskazini ya Hawaii bila kugusa hata kisiwa kimoja. Sisi tuliokuwa Honolulu tulipata ukingo wake, ile sehemu hafifu iliyo pana sana, ambako mwezi hulifunika jua kwa sehemu tu.

Sasa niwaulize vijana. Indonesia jua lilipatwa Jumatano asubuhi, tarehe 9 Machi. Likaja kupatwa Honolulu jioni. Jioni ya siku gani?

(Wanafunzi wengi walijibu: Jumatano.)

Hapana. Jumanne, tarehe 8 Machi. Mwezi ni uleule, kivuli ni kilekile, nacho kilianza safari Jumatano kikaimaliza Jumanne. Hakikurudi nyuma hata sekunde moja. Kilichotokea ni kwamba kilivuka mstari wa tarehe, ule ambao wanadamu wameuchora katikati ya Pasifiki ili kalenda zao zisigongane. Mwalimu wa jiografia, najua unavyohangaika kuufundisha mstari huu kwa ubao na chaki. Wape mfano huo. Mtoto akishauona mwezi ukitoka Jumatano kwenda Jumanne, hatausahau.

Na kulikuwa na watu ambao hawakukubali kukosa kivuli kizito. Ndege moja ya Alaska Airlines, safari namba 870, ilikuwa iruke siku hiyo kutoka Anchorage kwenda Honolulu, kama kawaida. Joe Rao, mtaalamu wa nyota anayefanya kazi na Hayden Planetarium, jumba la maonyesho ya nyota la New York, alipiga hesabu akaona kwamba ikichelewa kuondoka kwa dakika 25 tu, itakutana na kivuli juu ya bahari. Aliiandikia kampuni mapema, nayo ikakubali. Ndege ikachelewa dakika 25. Abiria waliokuwa wanakwenda zao likizo pwani wakaliona jua likizimika lote dirishani, kwa karibu dakika mbili. Mimi napenda sana habari hii, kwa sababu inaonyesha kazi ya hesabu. Mtu na kalamu yake alijua, miezi mingi kabla, ndege na kivuli vitakutana wapi juu ya bahari isiyo na alama yoyote.

Sisi wengine tulikuwa chini, na tulipata kipande.

Nawaambieni tuliyoyaona. Jua lilianza kumegwa kama saa kumi na nusu alasiri. Tulikuwa kwenye bustani ya Ala Moana, kandokando ya bahari. Pale palikuwa na watu wa kila namna: wanafunzi wa chuo, watalii wenye mchanga miguuni, wavuvi na ndoano zao, watoto waliotoka shule. Wachache walikuwa na miwani maalumu, wakaizungusha mkono kwa mkono. Ukiivaa, dunia yote inakuwa nyeusi. Huoni mtu, huoni mti, huoni hata mkono wako. Unaona kitu kimoja tu, duara la rangi ya machungwa. Na kwenye ukingo wa lile duara pana pengo. Mara ya kwanza ni dogo, unajiuliza kama ni macho yako. Unampa mwenzako miwani, inazunguka, inakurudia, na pengo limekua.

Baada ya saa moja hivi, zaidi ya nusu ya uso wa jua ilikuwa imefunikwa. Zaidi ya nusu! Je, kulikuwa na giza? Hakukuwa na giza. Nataka mlishike hilo, kwa sababu nitalirudia. Barabarani magari yalipita bila kuwasha taa. Watu walikuwa wakikimbia mazoezi, wakatupita bila kujua kama kuna jambo. Ukitulia, ukiangalia nyasi na maji, ndipo ulihisi mwanga umepungua kwa namna isiyo ya kawaida. Jioni nuru hugeuka manjano na vivuli hurefuka, lakini hii ilikuwa imefifia tu. Aliyekuwa na haraka hakuona chochote.

Lakini kulikuwa na ukuta. Pale bustanini pana jengo dogo la vyoo lenye ukuta mweupe, na mbele yake mti mkubwa wa kivuli wenye majani madogo madogo. Jua lilikuwa limeshuka, mwanga ukipenya kwenye majani kwa mshazari na kuangukia ule ukuta. Na ukuta wote ulijaa hilali. Mamia ya hilali, kila moja pana kama kizibo cha chupa ya soda, zimepandana, zinacheza upepo ukivuma, zote zimeelekea upande mmoja. Mtoto mmoja akapiga kelele. Sote tukageuka. Ndugu zangu, tuliokuwa tumelipa mgongo jua ndio tuliliona vizuri zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Kila upenyo mdogo kati ya jani na jani huchora picha ya jua. Kila siku, mbele ya macho yetu! Mkienda leo chini ya mwembe wowote mtaona madoa ya mwanga ardhini, na mkiyachunguza mtakuta ni ya duara, ingawa nafasi kati ya majani si za duara. Upenyo unaweza kuwa wa pembe tatu, unaweza kuwa mpasuko, doa litakuwa duara, kwa sababu lile doa ni picha ya jua lenyewe. Jua likimegwa, doa nalo humegwa. Na picha hiyo imepinduliwa, juu chini na kushoto kulia. Kwenye miwani pengo lilikuwa upande huu, ukutani likawa upande ule. Watoto walibishana, kila mmoja ana hakika, mpaka mhadhiri mmoja akawaeleza.

Hapo akaja mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa kisiwa, kila mtu akimwita Anti, ndivyo wanavyowaheshimu wakubwa huko. Alikuwa na chujio la tambi, la bati, lenye matundu ya duara. Hakusema neno. Alilinyanyua juu ya bega, jua likiwa nyuma yake, na kivuli cha chujio kikaanguka kwenye ukuta: kila tundu hilali. Mjukuu wake akapitisha vidole vya mkono mmoja juu ya vidole vya mkono mwingine, akaacha vitundu vidogo katikati, na yeye pia akapata hilali zake. Bila darubini, bila senti moja.

Ndiyo maana nikasema nitawapinga wanaodharau kipande. Kwa wastani, mahali pamoja duniani husubiri karibu miaka 375 kabla ya kivuli kizito kupita tena. Kisiwa Kikubwa cha Hawaii kilikipata tarehe 11 Julai 1991, asubuhi na mapema. Watu walisafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kukipokea, na wengi waliokaa ufukweni wakafunikwa na mawingu. Waliokuwa juu ya mlima Mauna Kea, zaidi ya mita 4,200, kwenye darubini zilizo juu ya mawingu, ndio walioneemeka. Kipande je? Kipande humfikia mtu mara nyingi maishani. Honolulu walikipata 2016. Wakakipata tena Agosti 2017, jua likichomoza baharini tayari limemegwa. Wakakipata tena Aprili 2024, alfajiri vilevile. Na sisi tumekipata mara ngapi bila hata kuinua kichwa?

Sasa nije kwenye macho, na hapa naomba utulivu kamili, hasa wazazi.

Nilisema Honolulu hakukuwa na giza. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Jua likiwa zima, jicho lenyewe hukataa. Unafumba, unageuka, machozi yanatoka. Jua likimegwa, mwanga unapungua, mboni inatanuka, na mtoto anaweza kujilazimisha kutazama. Lakini kile kipande kilichobaki kina ukali uleule. Hilali ya jua huunguza sawa na jua zima. Inaunguza retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mnanielewa? Jicho linaungua na mtoto hahisi kitu. Anarudi nyumbani anacheka. Anakula, analala. Baadaye, pengine kesho yake asubuhi, anafungua daftari na katikati ya ukurasa pana doa. Akitazama uso wa mama yake, doa limekaa palepale usoni. Wengine hupona baada ya wiki au miezi. Wengine hawaponi.

Kwa hiyo wanaotaka kufungia watoto ndani wanaogopa kitu cha kweli. Siwabezi. Ila nawauliza: mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeambiwa "usitazame" bila kuelezwa sababu, mtamfungia dakika ngapi? Litakuwa jambo la zaidi ya saa moja. Atakwenda chooni. Atachungulia dirishani. Na akichungulia, atatazama kwa jicho tupu, kwa sababu hakuna aliyempa njia nyingine. Mtoto aliyefundishwa kugeuka na kutazama ukuta yuko salama kuliko mtoto aliyefungiwa. Nasema tena: aliyefundishwa yuko salama kuliko aliyefungiwa.

Na njia zetu za zamani? Tuziseme wazi. Filamu ya eksirei si salama. Kioo kilichopakwa masizi si salama. Miwani ya jua ya dukani, hata ikiwa nyeusi namna gani, si salama. Beseni la maji nalo, wazee wangu mniwie radhi, si salama. Najua wengi wetu tulifundishwa kutazama kwenye beseni. Maji hurudisha karibu asilimia mbili ya mwanga wa jua likiwa juu, na asilimia mbili ni nyingi mno. Miwani iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 12312-2, hupitisha chini ya sehemu moja kati ya 30,000. Linganisheni wenyewe. Fundi wa kuchomelea mwenye kioo namba 14 anaweza kutazama, cha namba ndogo hapana. Na darubini au kamera isiyo na chujio la jua mbele yake, mtu asiielekeze kwenye jua hata kidogo, hata akiwa amevaa ile miwani, maana lenzi inaukusanya mwanga na kuitoboa miwani.

Jinsi ya kuijaribu miwani ni rahisi. Ivae ndani ya nyumba. Ukiona dirisha, ukiona taa ya kawaida, ukiona sura ya mwenzako, itupe. Ikiwa na mkwaruzo au tundu, itupe.

Na asiye na miwani achukue karatasi ngumu, atoboe tundu moja kwa pini, alipe jua mgongo, aache mwanga upite kwenye tundu na kuanguka kwenye karatasi nyeupe. Kwa kila mita moja kati ya tundu na karatasi, picha ya jua inakuwa na upana wa karibu milimita tisa. Mita mbili, karibu sentimita mbili. Walimu wa hisabati, kuna zoezi zima hapo la uwiano, na watoto watalipenda.

Nawaleta kidogo kwenye historia ya Pasifiki, maana si jana watu walianza kuthamini jambo hili kule visiwani. Desemba 1777, Kapteni James Cook alikuwa akisafiri kwenda kaskazini. Mkesha wa Krismasi akafika kwenye kisiwa cha matumbawe kisicho na wakazi, akakiita Kisiwa cha Krismasi. Leo kinaitwa Kiritimati na ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Walikuwa na hamu ya kufika mbele, lakini wakakaa. Walivua kasa wengi, na walisubiri jua. Tarehe 30 Desemba walitua kwenye kisiwa kidogo mlangoni mwa ghuba, wakapanga darubini zao. Mbingu ilikuwa na mawingu kwa vipindi. Mwishoni ikafunguka, wakauona mwezi ukiliachia jua.

Wakasubiri siku zote hizo ya nini? Saa. Walitaka saa. Mwezi unapoligusa jua na unapoliachia, wakati huo unaweza kuhesabiwa kwa saa ya Greenwich, Uingereza. Ukiandika saa ya hapo ulipo, ukalinganisha, unajua uko longitudo gani, yaani umbali gani mashariki au magharibi ya Greenwich. Kwa mabaharia wa zama zile, kupatwa kwa jua kulikuwa njia ya kujua mahali walipo duniani. Baada ya hapo wakatweka tanga, na Januari 1778 wakaviona visiwa vya Hawaii, Oahu ikiwa miongoni mwa vya kwanza. Yaliyofuata baina yao na wenyeji ni historia nzito, na Cook mwenyewe aliuawa huko mwaka uliofuata. Lakini ile ya darubini na saa naitaka ikae kichwani mwenu, maana nitaihitaji.

(Kwa wapenda jiografia: Kiritimati na Honolulu saa zao zinafanana dakika kwa dakika, ila tarehe zinapishana siku nzima. Kiribati walihamisha mstari wa tarehe mwaka 1995 ili nchi yao yote iwe na siku moja.)

Wenyeji wa Hawaii walikuwa na habari zao za jua muda mrefu kabla ya Cook. Wanasimulia kwamba zamani jua lilikuwa likikimbia mno angani, na Hina, mama yake Māui, alikuwa akianika kapa, zile nguo za magome ya mti yaliyopondwa, kama lubugo za Buganda, na jua linatua kabla hazijakauka. Māui akasuka kamba, akapanda mlima Haleakalā usiku, akalitega jua lilipochomoza na kulibana mpaka likakubali kwenda polepole sehemu ya mwaka. Mwana amemhurumia mama yake, akaenda kupambana na jua. Mimi simulizi hii ilinigusa, na nadhani kila aliyewahi kumwona mama yake akikimbiza nguo za kamba mvua ikikaribia itamgusa.

Juu ya mlima huohuo leo ipo darubini ya jua iliyo kubwa kuliko zote duniani, inayoitwa kwa jina la Daniel K. Inouye, yenye kioo cha mita nne. Januari 2020 walitoa picha zake za kwanza. Uso wa jua ulionekana umegawanyika vipande vinavyochemka, kila kimoja karibu ukubwa wa jimbo la Texas, yaani eneo linaloizidi Kenya. Wenyeji wengi waliupinga ujenzi ule kwa sababu mlima ni mtakatifu kwao. Wapo waliolala barabarani, wapo waliokamatwa. Walimu, mkiwaonyesha watoto picha zile waambieni na hilo.

Sasa hofu nyingine. Kuna wanaoogopa jambo hili si kwa ajili ya macho. Wanasema ni dalili ya kifo cha mkubwa fulani, ni nuksi, mjamzito asitoke. Hapa mimi nitarudi nyuma kidogo niwape masheikh nafasi yao, maana jibu wanalo wao. Alipofariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume Muhammad (S.A.W.), kule Madina, siku hiyo jua lilipatwa. Wataalamu wamepiga hesabu, wakaipata tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume. Yeye ndiye aliyekuwa mfiwa. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, na wakiona hivyo wasali. Ndiyo sala ya kupatwa kwa jua tunayoisali mpaka leo. Wachungaji wetu nao nimewasikia wakisema lile lile kwa njia yao. Basi mjamzito atoke, avae miwani, atazame. Na mtoto aliye tumboni hatapata doa lolote.

Mwaka ule ule wa 2016, tarehe 1 Septemba, mimi nikiwa bado mbali, huku nyumbani jua liligeuka pete juu ya Rujewa, wilayani Mbarali. Karibu saa sita mchana. Watu walifurika kutoka mikoa yote, wanafunzi kwa mabasi. Na Tanga siku hiyo mlipata nini? Kipande! Hebu nione mikono: nani aliyekitazama?

(Mikono michache iliinuliwa.)

Asanteni. Nawaombeni basi tarehe 2 Agosti 2027 mikono isiwe hiyo. Ni Jumatatu, mchana. Kama shule zitakuwa likizo, watoto watakuwa majumbani na mitaani, kwa hiyo kazi ya kufundisha ianze muhula kabla, na wazazi wahusishwe. Miwani iagizwe mapema, kwa pamoja, kwa muuzaji anayejulikana. Wiki ya mwisho itajaa ya bandia. Mlio na mwembe uwanjani mna bahati, fagieni chini yake vizuri asubuhi au tandikeni shuka jeupe. Mlio na ukuta, upakeni chokaa. Mama lishe, leteni machujio.

Na ile saa ya Cook, hapa ndipo ninapoihitaji. Nataka kila shule iandike mambo matatu: saa, dakika na sekunde mwezi ulipoligusa jua, saa jua lilipomegwa zaidi, saa mwezi ulipoliachia. Simu za siku hizi zina saa sahihi, zitumike kwa hilo. Pangani wataandika yao, Muheza yao, Korogwe yao, Lushoto milimani yao, wenzetu wa Mombasa tutawaomba yao. Namba hazitafanana. Tutazipanga kwenye jedwali moja, na watoto wenyewe watakuta kivuli kilitoka upande gani na kilipita kwa mwendo gani. Mwalimu wa Lushoto yuko wapi? Ulikuwa hapo nyuma nilipoanza. Njoo mbele tuandikishane, nyie ndio nitawaanza.